Heko, Sinki Lililoziba

Washairi wamesifu mwezi, bahari na macho ya wapenzi wao. Sinki lililoziba hakuna aliyelikumbuka, ilhali hapa kwetu Sinza linatutumikia usiku na mchana bila likizo. Leo nalitolea haki yake.

Lina subira: maji ya asubuhi hulihifadhi hadi jioni. Lina msimamo: ukilisukuma kwa mpira wa kuzibulia, linakohoa kidogo na kubaki lilivyo. Lakini sifa yake kuu ni kupasha habari. Mimi nakaa chini kabisa, ghorofa tatu ziko juu yangu, na bomba la majitaka ni moja. Likiziba karibu na chemba, maji ya wote hayana pa kwenda ila kwangu. Jumapili najua nani kapika pilau, maana punje zinafika na bizari yake. Majani ya chai yananieleza saa waliyoamka wa ghorofa ya pili. Juzi mama wa juu alinisimamisha ngazini akalalamika hali ngumu, eti wiki nzima ni maharage tu. Nikampa pole. Nyuma yangu sinki lilikuwa limejaa magamba ya changu.

Waingereza wanajua kuenzi mambo haya. Mwaka 2017 pande la mafuta na taka lililogandamana lilikutwa kwenye mfereji wa majitaka wa Whitechapel, London: mita 250, tani 130. Mwaka uliofuata kipande chake kikawekwa makumbusho. Langu linangoja nini?

Lakini jamani, mafuta! Ya kukaangia samaki yakimwagwa ya moto yanateremka vizuri, yakipoa yanaganda ndani ya bomba na kunasa kila punje inayopita. Si uyaache yapoe, uyatie kwenye kopo, kikaango ukifute kwa karatasi kabla ya kukiosha? Kichujio cha kuweka kwenye tundu la sinki wamachinga wanapita nacho mlangoni! Na aliyeshauri tumimine maji ya betri juu ya kostiki soda anataka kutuua: viwili hivyo vikikutana vinachemka na kuruka usoni.

Hata hivyo majirani nawasamehe nusu. Fundi bomba alipofukua alikuta bomba limelazwa tambarare, wakati lilitakiwa kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Tukampigia baba mwenye nyumba. Akasema wapangaji wa siku hizi hawajui kutumia sinki, tuchangishane. Kodi ya miezi sita anaipokea kwa mkupuo, na njia hiyo kwake haijawahi kuziba hata siku moja.

Basi msomaji, ukienda kukagua nyumba ya kupanga, usipumbazwe na marumaru. Omba ndoo ya maji, panda ghorofa ya juu, imwage sinkini, halafu shuka mbio ukatazame sinki la chini kabla hujatoa hata shilingi.