Usaili kwa Bwana Nyegere

Bwana Nyegere alirithi biashara ya asali kwenye miombo ya Tabora, akaikuza kwa ujuzi wa ukoo wake: vunja mzinga kwanza, maswali baadaye. Ghala lilipojaa mapipa na hesabu zikamshinda, alimwita Fisi, afisa wake wa utumishi.

"Nitafutie msomi. Awe mbichi kutoka chuoni, ila asiwe mbichi kazini."

Fisi akaandika tangazo. Umri usizidi miaka 25, uzoefu usipungue miaka 10, awe mbunifu, ajieleze vizuri, aweze kufanya kazi bila kusimamiwa. Mshahara, alisema, utakuwa mnono. Wanaomjua Fisi walicheka.

Siku ya usaili msitu ulijaa bahasha za kaki. Nyani walikuja na tai za kuazima, ngiri na vyeti vilivyogongwa mihuri ya mawakili. Usiwacheke. Mwaka 2014 binadamu zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji, nao ndio wanaojiita viumbe wenye akili.

Kobe aliishia mlangoni: uzoefu anao, umri umempita. Mtoto wa Twiga naye hivyo hivyo: umri anao, uzoefu hana. Hakuna aliyepiga hesabu akaona kwamba wa kutimiza yote mawili alitakiwa kuanza kazi akiwa na miaka 15, yaani yuko kidato cha pili.

Aliingia Ngedere, daraja la kwanza, shahada ya ufugaji nyuki. Alitaja sehemu zote za mwili wa nyuki bila kupumua. Alipoulizwa ameshaumwa na wangapi, alitazama dari. Chuoni kwao mzinga ulikuwa mmoja kwa darasa zima, na ufunguo anao mkuu wa idara. Tusimlaumu sana, alifundishwa kupasi, akapasi.

Kisha akaingia binti Pimbi. Ufaulu wake wa kawaida, deni la mkopo wa masomo linamsubiri, na likizo zake zote zimeishia kumsaidia bibi yake kutundika mizinga ya magome.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Fisi akauliza.

Macho ya Pimbi yalikuwa kwenye chupa iliyopambwa mezani. "Shikamooni, wazee wangu. Kabla sijajibu, naomba kuuliza. Asali hii ndiyo iliyoko ghalani?"

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema Nyegere kwa majivuno.

"Ina povu. Ilirinwa kabla nyuki hawajaziba masega, kwa hiyo maji bado ni mengi na imeanza kuchacha. Mapipa yakiendelea kufungwa hivyo yatafumuka. Yatengeni mapema, na msimu ujao tusubiri iive."

Kimya. Nyegere alijikuna. Bundi, mjumbe wa jopo, aliandika: *Hakujibu swali. Anamkosoa mwajiri kabla hajaajiriwa.* Kwenye uzoefu akampa sifuri, kwa sababu bibi hatoi barua yenye mhuri.

Wa mwisho alikuwa Fisi kijana.

"Shikamoo, mjom..." Akakohoa. "Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Marahaba. Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

"Hapo mlipokaa nyinyi, Mungu akijalia."

Jopo likacheka, likamsifu kwa kujiamini. Barua ya uzoefu wa miaka 10 alikuwa nayo, imesainiwa na baba yake. Kazi akapata jioni ile ile. Wengine waliambiwa kwamba watakaofanikiwa tu ndio watakaojulishwa.

Mapipa yalifumuka kabla masika hayajaisha. Fisi kijana aliandika taarifa ya kurasa nyingi kuhusu kuyumba kwa soko, akapandishwa cheo. Nyegere akaenda kwenye mkutano wa wenye mali, akashika kipaza sauti na kulalamika kwamba wahitimu wa siku hizi hawaajiriki: hawafikiri, hawajitumi, vyuo vinawadekeza. Alipigiwa makofi hadi Bundi akaamka.

Pimbi anauza asali ya bibi yake kando ya barabara ya Sikonge. Mteja wake mkubwa ni Bwana Nyegere, anayeibandika lebo yake mwenyewe, na ya mwezi uliopita hajalipa.