Sifa za RAM Mbovu

Fundi wa kompyuta pale Mwanga, Kigoma, ana wengi wa kuwalaumu: umeme, virusi, vumbi, mteja mwenyewe. RAM mbovu ni nadra kutajwa, na heshima inayostahili haijapewa kamwe. Inakuja Kigoma ikiwa mtumba, haina taa wala sauti, haifiki urefu wa kiganja. Inachomekwa kwenye laptopu yenye GB 4 ili zifike 8, Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, inawaka vizuri, pongezi zinatolewa. Baadaye kivinjari kinajifunga chenyewe, skrini inaganda, faili lililoshushwa jana linagoma kufunguka, mashine inajizima na kujiwasha. Mwenye mashine anailaani Linux, fundi anashauri kupiga Windows, na mhusika ametulia ndani ya sloti kama mgeni wa heshima. Nasema ni mwalimu bora kuliko wote waliowahi kuingia kwenye kibanda cha ufundi, kwa sababu hapokei jibu la kubahatisha.

Tazama kwanza jinsi anavyofanya makubwa kwa mtaji mdogo. GB 8 ni biti zaidi ya bilioni 68, na moja tu ikikwama inatosha. Ikiangukia kwenye picha, nukta moja inabadilika rangi na hakuna anayejua. Ikiangukia kwenye kiini cha Linux, mashine nzima inaweza kusimama. Ikiangukia kwenye ankara ya mawese, hapo ndipo kipaji chake kinapoonekana: katika maandishi ya kompyuta, tarakimu 1 na tarakimu 9 zinatofautiana kwa biti moja, hivyo deni la shilingi 15,000 linaweza kuamka likiwa 95,000. Mfanyabiashara gani wa Ujiji amewahi kupandisha bei kwa jasho dogo namna hiyo?

Mji wa Kigoma ungepaswa kumwelewa mwalimu wa aina hii. Meli ya Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwenye makasha, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini baada ya kuzipaka injini zake grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu anayekihukumu chombo kizima kabla ya kukagua vipande vyake. RAM mbovu inadai nidhamu ileile. Toa kipande kipya, uwashe na cha zamani peke yake. Kisha kipya peke yake. Kisha ubadilishe sloti, maana huenda mbovu ni sloti. Safisha meno yake kwa ufutio. Soma kibandiko: DDR3 ya volti 1.5 inaingia sawasawa kwenye sloti ya laptopu inayotaka DDR3L ya volti 1.35, halafu mashine inaweza kuikataa. Anayebadili mambo matatu kwa mpigo hatajua lipi limeponya, na mwalimu huyu atamrudisha darasani wiki ijayo.

Na Linux inayolaaniwa ni shahidi tu. Haipendi kumbukumbu ikae bure. Nafasi iliyobaki inaijaza mafaili yaliyosomwa karibuni, kwa hiyo inafika mapema kwenye kona iliyooza. Kuifuta kwa sababu hiyo ni kumfunga aliyepiga yowe.

Atauliza mtu: mwalimu gani anayekula kazi za watu? Pingamizi hili ni zito. Faili lililoharibika ndani ya RAM huhifadhiwa likiwa bovu, na nakala ya akiba hurithi ubovu huo. Hapo sina utetezi, isipokuwa kwamba karo yake huishia pale anapotambuliwa. Mwingine atasema si kila tatizo baada ya kuongeza RAM ni la kipande kibovu. Kweli kabisa. Mashine iliyotengewa GB 4 za swopu, yaani nafasi ya akiba ya RAM kwenye diski, inaweza kushindwa kuhifadhi kazi zake na kulala RAM ikishafika GB 16, ingawa RAM hiyo ni nzima, na baadhi ya kompyuta hukaa na skrini nyeusi kwa muda zinapowashwa mara ya kwanza zikiipima RAM mpya. Lakini tofauti hizo hujulikana kwa kupima, na kupima ndiyo somo lenyewe. Hata ubovu ukithibitika, Memtest86+, programu ya kupima RAM, inaweza kuonyesha anwani zilizooza, na GRUB, programu inayoiwasha Linux, ikaagizwa kuzizungushia uzio ili Linux isizikanyage. Kipande kinaendelea kula chakula cha nyumbani, ila chumba kimoja kimefungwa.

Kwa hiyo, wewe unayenunua RAM ya mtumba, usilipe kwa kuona Ubuntu imewaka. Omba Memtest86+ imalize angalau mzunguko mmoja mzima, hata ikichukua saa kadhaa, na mistari myekundu ikitokea, mrudishie muuzaji mwalimu wake.