Funika Kombe, Seva Ipite

Kila alfajiri seva ya barua pepe hutoa hesabu yake kavu: zilizofika, zilizoahirishwa, zilizorudi, zilizokataliwa. Bosi wa ofisi moja Kibaha akaona lugha hiyo haina adabu. Fundi akaagizwa ailainishe. “Imeahirishwa” ikawa “inashughulikiwa”. “Imekataliwa” ikawa “imepokelewa na kuzingatiwa”. Msimbo 550, ambao kwa kawaida maana yake sanduku la jina hilo halipo, ukawa “mhusika yuko kikaoni”. (Hilo, kusema kweli, huwa linaaminika.)

Robo mwaka nzima hakuna barua iliyofeli. Wenzao wa Kisarawe wakaandikiwa pongezi kwa mawasiliano mazuri. Pongezi zenyewe mpaka leo zinashughulikiwa. Nakala ya karatasi imetangulia kwa bodaboda, imefungwa mpira juu ya kiroba cha mihogo.