Mafungu 384 ya Nyumba Moja

Hakuna fedheha kama kusimama mbele ya karani wa ardhi, jasho likikutoka, ukaambiwa kwamba mwenye nyumba unayoishi na unayoitengeneza dari kila masika ni babu aliyezikwa kabla ya Uhuru. Mji wa Kale wa Mombasa umejaa wamiliki wa namna hiyo, wapole kupindukia, wasiodai hata shilingi ya kodi. "Mungu ameshagawa," husema wenye haraka ya kutofanya lolote. Kweli ameshagawa, na mwaka 1990 sheria ya urithi ya Kenya ikarekebishwa ili mirathi ya Waislamu ifuate dini yao. Lakini aya za mirathi hazipangi foleni ofisi ya ardhi kubadilisha jina.

Na hesabu yenyewe ni tamu. Tuseme mzee wa Kibokoni kafa, kaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, wote wa mama mmoja. Mke ana thumni; saba zilizobaki, kila mwanamume mbili, kila binti moja. Mafungu manane, mtoto wa chuoni anayaweza. Ila nyumba haigawanywi, "tusimuudhi mama". Kisha mwana mmoja afa, aacha mama huyo huyo, mjane, mtoto wa kiume na mabinti wawili. Wanazuoni huiita hali hii munasakha: mirathi ndani ya mirathi. Bibi anachukua sudusi ya fungu la mwanawe, mjane thumni, watoto salio, na ili pasibaki vipande, nyumba sasa yataka mafungu 384. Kila mjukuu wa kike ana 17. Vyumba ni sita, na choo kimoja. Kifo cha tatu afadhali tusikihesabu.

Wengine watasema wameandika wasia. Lini? Wasia hauvuki thuluthi, wala haumfai mrithi bila ridhaa ya wenzake. Na mrithi hujulikana siku ya kifo, si siku ya wino. Ulimwandikia nduguyo ukiwa na mwana wa kiume. Mwana akitangulia, baba yako naye hayupo, ukabaki na mabinti tu, ndugu kageuka mrithi na wasia wake unawasubiri mabinti waridhie. Kwa hiyo wasia ni wa kupitiwa kila mara.

Eti kuupitia wasia mara kwa mara ni kujiitia mauti? Wapo wanaoweka sanda kabatini miaka na miaka, na wanaishi. Anayenufaika nyumba isipogawanywa ni kaka anayekusanya kodi ya vyumba vya chini. Dada zake, waliotajiwa fungu lao ndani ya Qur'ani, huambiwa wasubiri, na wakienda kwa Kadhi huitwa watovu wa adabu.