Mashine ya Kuchonga Mashine

Mwaka 1952 chuo cha MIT, kwa fedha za Jeshi la Anga la Marekani, ilionyesha mashine ya kukata chuma iliyosoma amri kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Leo kazi hiyo ya kusoma amri yafanywa na bodi ya Arduino inayoenea kiganjani, ikiendesha GRBL, programu ya bure. Basi bwana mmoja, anayejiundia mashine kama hiyo nyumbani, haoni kwa nini anunue rafu ya vitabu. Seremala wa mtaani angeimaliza kesho, kwa msumeno na penseli ya sikioni, lakini huyo masikini hana kompyuta.

Mota ya mashine yake hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Skrubu ikisogea milimita 8 kila mzunguko, hatua moja ni milimita 0.04. Hesabu safi! Ila fremu ni ya ubao wa MDF, na MDF haikusoma hesabu hiyo. Kisu kikigusa mninga, daraja zima lililobeba kisu linapinda, nati inacheza, na duara linatoka na umbo la yai. Vumbi limeshahamia kwenye makochi.

Kazi ya kwanza kukamilika: kibao chenye jina lake. Ya pili: vipuri vya mashine nyingine, ya alumini safari hii, maana ile, anasema, ilikuwa ya kujifunzia tu.