Dokta Yuko Fomu Sikisi

Makambako nzima inaniita dokta. Muuza chapati ananiita dokta, konda ananiita dokta, na baba mwenye nyumba akigonga mlango tarehe mosi husema, "Dokta, kodi." Kwa vyeti, mimi ni tabibu: diploma ya miaka mitatu. Daktari ni yule mwenye shahada, aliyekaa chuoni miaka mitano na kuongeza mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Lakini nenda wewe ukawaeleze hayo watu waliokalia benchi tangu saa 12 asubuhi.

Shida yangu ni kwamba nataka kuwa kile wanachodhani nilishakuwa zamani. Njia ya mkato ipo: tabibu mwenye wastani wa 3.0 kwenye diploma anaweza kuomba udaktari moja kwa moja. Mimi nina 2.9. Ile sehemu moja ya kumi najua ilipoangukia. Ilikuwa usiku wa tarehe 8 Julai 2014, Ujerumani ilipoifunga Brazil 7–1, nami nilikuwa na mtihani asubuhi. Brazil angalau walipata kimoja.

Ikabaki njia ndefu: kurudi kidato cha sita, nikiwa na watoto wawili na kipara kinachoanza, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fizikia, Kemia, Baiolojia, mtihani mwezi Mei. Namba ya mtihani ya mwanafunzi wa shule huanza na S, yetu huanza na P. Wenzangu wa tuisheni wanasema ni P ya pole.

Kabla ya kushika kitabu, hesabu zenyewe zinatisha. Kwa Baraza la Mitihani, A ni pointi 1. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu, A hiyohiyo ni pointi 5. Kwa hiyo unapiga goti kuomba pointi ziwe chache, kisha unageukia upande wa pili kuomba ziwe nyingi. D tatu, ambazo ndizo kiwango cha chini cha kuombea udaktari, huku ni 12 na kule ni 6. Na kuomba si kupata.

Siri hii ya kurudi shule nikaipeleka Njombe, kilomita 60 hivi, ambako hakuna anayenidai wala niliyemchoma sindano. Kila Jumamosi nikitoka zamu ya usiku napanda kosta, nabanwa kati ya dirisha na gunia la viazi. Makambako tuna upepo, Njombe wana baridi, na baridi ya Njombe mwezi wa sita haina adabu kwa mgeni. Darasani tunavaa makoti, kofia na mablanketi ya begani, utadhani kikao cha wazee wa mila. Siku ya kwanza niliingia nikasema, "Kamwene!" Darasa zima likasimama. "Kamwene, mwalimu!" Mwalimu mwenyewe, kijana ambaye ndevu zake bado zinajadiliana kama zitoke, alikuwa nyuma yangu.

Nilidhani Baiolojia itanibeba. Nimesikiliza mioyo ya watu zaidi ya miaka kumi. Likaja swali: eleza jinsi mapigo ya moyo yanavyodhibitiwa. Nikaandika kurasa tatu, kuanzia kumpima mgonjwa presha mpaka dozi na siku ya kurudi kliniki. Nilipata 4 kwa 20. Chini, kwa wino mwekundu: "Umetibu. Hujajibu."

Kemia ndiyo iliyonivunja heshima kabisa. Mkono huu unapata mshipa wa kichanga kwa jaribio la kwanza. Mkono huuhuu, mbele ya bureti, katika baridi ile, hauwezi kufunga koki kwa wakati. Unatakiwa usimame rangi inapokuwa waridi ya kuhisi tu. Yangu ilikuwa waridi ya kitenge. Binti wa miaka 19 aliyekuwa jirani yangu alinitazama kwa huruma, akaninong'oneza, "Tone moja moja, baba." Nami huwa nawafokea manesi kuhusu dripu.

Kupiga msuli nyumbani kulishindikana. Baridi ikizidi unatamani kuingiza jiko la mkaa chumbani, na mimi ndiye ninayewahubiria wajawazito kila Jumatatu kwamba hewa ya mkaa huishika damu kuliko oksijeni na kukuua usingizini. Nikahamia kusomea kazini, zamu ya usiku, wodi ikitulia.

Saa 9 usiku mmoja akaingia mama amembeba mtoto ana homa. Nilikuwa nimesinzia juu ya daftari la vitendo, penye mchoro wangu wa panya aliyepasuliwa, kachanuliwa miguu minne, kila kiungo na mshale wake. Mama akauinamia mchoro muda mrefu.

"Dokta, huyu naye alikuja na homa?"

Nikacheka, nikafunga daftari. Chini yake kikatokeza kitabu cha Baiolojia, kinene kama tofali.

"Kumbe mnaangalizia?"

Nilimpima mtoto, malaria ikaonekana, nikampa dawa. Mama alizipokea kwa vidole viwili. Kabla ya kutoka alimuuliza nesi kama kuna dokta aliyemaliza.

Siri ilidumu hadi Jumamosi iliyofuata. Nimeshuka stendi ya Makambako nusu usingizi, nimeshafika kwenye wauza parachichi, konda akachungulia dirishani na sauti yake ya kuitia abiria wa Songea:

"Dokta! Dokta! Umesahau daftari lako la Fomu Sikisi!"

Stendi ikanyamaza. Daftari likapita mkono kwa mkono, likifunguliwa kila lilipofika, hadi kwa muuza parachichi wa mwisho. Alikuwa mama yule. Mtoto yuko mgongoni, mzima, anatafuna kifuniko cha chupa. Mama alilifungua, akampata panya wake, akalifunga taratibu na kunikabidhi pamoja na parachichi mbili.

"Huyu sasa anakohoa," alisema, akimtikisa mtoto kidogo. "Kifua mmeshafika?"

"Tumefika, mama."

"Basi naja kesho."

"Njoo Jumatatu," nikamwambia. "Kesho nina jaribio."