Kwenda Baltiki kwa Baiskeli, Inshallah

Watu wa Ulaya ya kaskazini wana namna yao ya kustarehe, nayo ni kujitesa. Mtu mwenye gari, nyumba na mshahara wa kueleweka husubiri likizo mwaka mzima. Ikifika, hufunga hema kwenye keria ya baiskeli, akashinda kutwa anakanyaga pedeli dhidi ya upepo, na usiku akalala chini. Nimekaa Hamburg muda wa kutosha kuambukizwa. Ndiyo maana nilipotoa wazo kwamba kiangazi hiki twende Baltiki, tuvuke bahari hadi Lithuania, tupande na pwani ya Latvia na kumalizia Estonia, niliona nimesema jambo la kawaida kabisa.

Safari ya namna hiyo akiwa nayo mtu mmoja, hupangwa kwa ramani na pampu. Yetu imepangwa na kamati. Wajumbe ni mimi, mke wangu, kaka yake ambaye naye yuko hapa hapa Hamburg, na binti wa ami yangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye hakualikwa bali alisikia. Mjumbe wa tano hana baiskeli, ila bila idhini yake hakiendi kitu: mama mkwe, aliyeko Tanga.

Tanga, kama ajuavyo kila mtu, ni mji wa baiskeli. Mwalimu, fundi, mpeleka samaki, wote wamo barabarani wakipiga kengele. Nilidhani basi kwa mama mkwe mambo yatakuwa mepesi. Nilipomaliza kumwamkia na kumpa habari, simu ilinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mkwe wangu, gari mmeuza?"

"Hapana mama, lipo."

"Limeharibika?"

"Zima kabisa, mama."

"Basi baiskeli ya nini?"

Nikamweleza habari za hewa safi, mazoezi na mandhari. Akanijibu kwamba marehemu mumewe alikuwa akienda Muheza kwa baiskeli na kurudi na gunia la machungwa nyuma, na hata siku moja hakuiita likizo.

Shemeji yangu yeye alikubali kabla sijamaliza sentensi. Alikuwa ameangalia ramani na kuona kwamba kilima kirefu kuliko vyote katika nchi zile tatu, Suur Munamägi cha Estonia, kina mita 318. Mtu aliyewahi kusukuma baiskeli kutoka Mombo kupanda Lushoto hawezi kuogopa mita 318. "Nchi yenyewe chapati hiyo," akasema, na kuanzia hapo akakataa kufanya mazoezi ya aina yoyote. Nilimkumbusha kwamba nchi ikiwa tambarare upepo haupati kizuizi, na kwamba barabara nyingi za vijijini Latvia hazina lami, ni za changarawe, zenye vijituta vya kukung'uta meno na malori ya magogo yanayotimua vumbi. Akashangaa. Alikuwa akiamini vumbi aliliacha Handeni.

Suala la upepo, hata hivyo, alilichukua kwa uzito, maana babu yake alikuwa nahodha. Pande zile kwa kawaida upepo hutoka magharibi na kusini-magharibi, ndiyo sababu waendesha baiskeli wengi huanzia kusini kwenda kaskazini, upepo uwasukume. "Kumbe ni kusi tu," akasema kwa furaha. Tulikuwa tumepata hoja ya kwanza ambayo kamati nzima iliipitisha bila kura. Ilikuwa pia ya mwisho.

Ugomvi ulianzia pale pale meli inapotia nanga. Kuna meli kutoka Kiel hadi Klaipėda, safari ya karibu saa ishirini. Mbele ya Klaipėda, ukivuka maji kwa dakika chache, kuna utepe mwembamba wa mchanga na misonobari uliolala kati ya bahari na wangwa, wenye urefu wa kilomita 98, ambao tangu mwaka 2000 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Machuguu yake ya mchanga yalikuwa yakihama na upepo, yakafukia vijiji, mpaka watu wakaamua kuupanda msitu kuuzuia mchanga. Mke wangu alitaka tufike Nida, kijiji cha wavuvi, kama kilomita 50 ndani. Shemeji akafuatisha utepe kwa kidole kwenye ramani, akapita Nida, akagota kwenye mpaka wa Urusi, kwa sababu nusu ya pili ni ya Kaliningrad.

"Hapa tunatokaje?"

"Hatutoki. Tunageuza."

"Tunaendesha kilomita 50 ili tugeuze?"

"Kaka, wewe Ijumaa unakwenda baharini kuangalia maji, halafu unafanya nini? Si unageuza?"

Hoja hiyo ilimshinda, ila hakuisamehe. Alilipiza tulipofika Kuldīga, kwenye ramani lakini. Binti wa ami alikuwa amesoma kwamba mji huo wa Latvia una maporomoko mapana kuliko yote Ulaya, Ventas Rumba, mita 249 kutoka ukingo hadi ukingo, na akasisitiza kwa simu kwamba bila picha ya pale safari haina maana. Shemeji akauliza kimo. Kimo ni kama mita mbili. Akauliza tena, apate uhakika. Kisha akasema yeye hatoki njiani kwenda kutazama ngazi iliyolowa.

Hapo nikaanza kuelewa tulikuwa tunapanga nini. Kila mmoja alikuwa na safari yake. Mke wangu anakwenda kutembea pwani yenye mchanga mweupe, mahali ambapo zama za Kisovieti palikuwa eneo la mpaka, raia hawaruhusiwi kuzurura, askari wakiusawazisha mchanga jioni ili asubuhi waone nyayo. Ndivyo msitu na ufukwe ule ulivyosalimika na mahoteli. Binti wa ami anakwenda kupiga picha. Mimi nakwenda kufuata EuroVelo 10, njia ya baiskeli inayoizunguka Bahari ya Baltiki. Shemeji anakwenda kula.

Kula nako kuna mitihani. Chakula kinachosifiwa Lithuania ni cepelinai, madonge makubwa ya viazi yaliyochukua jina kwa ndege za zamani za Zeppelin kwa jinsi yanavyofanana nazo, na aghalabu tumboni mwake kuna nyama ya nguruwe. Shemeji alihuzunika siku nzima, mpaka mke wangu alipogundua kwamba yako pia ya jibini laini. Kuna na supu ya baridi ya kiazisukari chekundu na maziwa mgando, ya rangi ya waridi inayotisha, inayoliwa na viazi vya moto pembeni. Aliitazama picha yake kwa muda mrefu. "Hii," akasema, "mwanadamu aliitaka au ilimtokea?" Samaki wa moshi wa pwani ya Latvia ndio waliomrudisha kwenye kamati.

Tarehe ilituchelewesha kuliko vyote. Mimi nilitaka Juni mwishoni. Latvia wanasherehekea usiku wa tarehe 23 Juni kwa mioto, jibini ya mbegu za karawei na nyimbo mpaka kunakucha. Wanaume huvaa taji za majani ya mwaloni. Tatizo, huko kukucha kunakuja upesi mno. Tallinn wakati huo jua linazama saa nne na dakika arobaini usiku, na linachomoza saa kumi alfajiri. Katikati yake hakuna giza la maana, anga linabaki na weupe weupe. Shemeji, asiyekosa swala, akaniuliza Isha itaingia saa ngapi. Nikamwambia amuulize sheikh. Sheikh wa msikiti wake akamsikiliza, akamweleza vizuri kabisa ruhusa ya msafiri kuchanganya Magharibi na Isha, kisha akamuuliza kwa nini hawaendi Oktoba.

Mama mkwe naye akadaka la kwake: "Jua halizami? Basi mtalala saa ngapi, na watu wamewaona mko kwenye turubai?"

Daktari ndiye aliyetuletea habari ya kupe. Nchi zote tatu zina ugonjwa wa ubongo unaoambukizwa na kupe wa porini, na chanjo yake kamili ni sindano tatu, ya pili ikifuata mwezi mmoja hadi mitatu baada ya ya kwanza. Akauliza tutalala wapi. Msituni. Tutavaa nini? Kaptula. Akaandika kwa muda mrefu sana. Shemeji, ambaye baba yake mdogo alifuga ng'ombe, alitetea kwamba kupe anajua mifugo yake na hana ugomvi na binadamu. Muuguzi hakuwa na nafasi ya mjadala. Alimchoma akiwa bado katikati ya hoja.

Kule Dar es Salaam mambo yalikuwa mazito zaidi. Ombi la visa ya Schengen linataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, na anwani ya malazi. Hiyo anwani ndiyo iliyotukwamisha. Idara ya misitu ya serikali ya Estonia, RMK, ina viwanja vya kupigia hema vya bure kabisa, vina mahali pa kukokea moto na mara nyingi kuni zimeshachanjwa. Ni ukarimu ambao sijauona popote, ila hauna namba ya nyumba. Binti wa ami akajaza: "Msitu wa Serikali, Saaremaa." Dirishani wakamrudishia fomu kwa adabu.

Siku hiyo alinipigia simu na hasira zake zote. Alikuwa amesoma kwamba ndege wa taifa wa Lithuania ni korongo mweupe, yule anayejenga tundu juu ya nguzo za umeme vijijini, na kwamba korongo hao Agosti ikiishia hufunga safari kuja Afrika, wengine wakipita Tanzania. "Wanakuja kwetu kila mwaka," akasema. "Wanakula panzi wetu. Kuna aliyewaomba barua ya mwajiri?" Mke wangu akamkatia wifi yake chumba cha kulala wageni Kuressaare, chenye anwani, na fomu ikapokelewa. Jibu tunalingoja.

Baada ya hapo mke wangu akatoa amri: kabla ya kukata tiketi ya meli tufanye jaribio, na mizigo kamili. Mizigo hatukuwa nayo bado, kwa hiyo alichukua mchele. Kilo kumi kulia, kilo kumi kushoto, ndani ya mikoba ya kuning'iniza kwenye keria, basmati ya kufungia Ramadhani. Tukaenda kwenye tuta la mto Elbe, lile refu la kuzuia mafuriko, ambalo nyasi zake hupunguzwa na kondoo kwa niaba ya serikali.

Baiskeli ya shemeji ni ya mtumba, ya Kijerumani, na breki yake ya nyuma iko kwenye pedeli. Ukikanyaga kinyume, gurudumu linakaba. Muuzaji alimweleza, na shemeji akasema amesikia. Lakini miguu iliyojifunzia Tanga ina kumbukumbu zake. Kule ukiwa kwenye mteremko unazungusha pedeli kinyume polepole, upate ule mlio wa tik-tik-tik, mwili upumue, na wa njiani wakuone. Shemeji aliteremka kutoka juu ya tuta akiwa ameketi wima, upepo nyuma yake, uso umejaa amani. Akatafuta tik-tik-tik.

Baiskeli ilisimama. Yeye aliendelea.

Alitua kwenye nyasi, salama, alhamdulillahi, lakini mkanda wa mkoba wa kulia ulikatika na basmati ikamwagika njia nzima. Kondoo waliinua vichwa wote kwa pamoja. Sikujua kwamba kondoo anaupenda mchele mkavu kiasi kile. Mke wangu akawa anawafukuza kwa kofia ya baiskeli huku mkono wa pili unazoa. Wazee wawili wa Kijerumani, mume na mke, wakasimamisha baiskeli zao. Yule bibi alimtazama shemeji aliyelala chali, akatazama mchele, akatazama kondoo, kisha akatuambia kwa heshima zote kwamba hapa hairuhusiwi kulisha wanyama.

Shemeji aliporudi nyumbani alikuwa amebadilika. Hakutaka tena kusikia habari ya nchi chapati. Nilijaribu kumtia moyo kwa historia, nikamwambia Riga anakokwenda ni mji wa heshima kwa baiskeli, Alexander Leutner alifungua kiwanda chake pale mwaka 1886. Akauliza kama kilikuwa kinafunga breki za mkono.

Juzi mke wangu alifungua ukurasa wa kukata tiketi ya Klaipėda. Watu wanne, wa nne kwa matumaini. Kabini moja. Baiskeli nne. Fomu ikauliza kama kuna chombo kingine, na shemeji, ambaye alikuwa amekaa pembeni na mto nyuma ya mgongo, akasema kwa sauti ya mtu asiye na maslahi yoyote kwamba gari si lipo tu, lingeweza kubeba mahema. Na mchele. Na mtu mmoja wa kuliendesha, polepole, nyuma ya wenzake, kwa usalama.

Nilitegemea mke wangu angekataa, maana yeye ndiye mwenye nidhamu katika ukoo ule. Akabonyeza "ndiyo". Mama mkwe alipopata habari alicheka mpaka akakohoa, akasema sasa ndiyo anasikia maneno ya watu wazima. Kwa hiyo gari linakwenda. Kamati imekutana tena Jumapili kuamua nani atakuwa dereva, na kila mjumbe amekuja na leseni yake mkononi. Binti wa ami ametuma picha ya yake kutoka Dar es Salaam, mbele na nyuma.